Mdogo wangu ana skizofrenia, sauti zimeisha ila hashiki jambo. Dawa gani ya ubongo nimpe?

DadaMkubwa: Wakuu, dogo ana miaka 26, anaumwa tangu 2019. Sauti zimenyamaza, lakini ukimtuma chumvi, kiberiti na sabuni anarudi na kiberiti, chenji kasahau dukani. Kuna vidonge vya ginkgo, dawa ya mitishamba ya kumbukumbu, nimeviona Kariakoo. Nianze na vingapi kwa siku?

KiparaNgoto: Muombeeni. Na aache bangi.

DadaMkubwa: Havuti.

MzeeWaDozi: Ginkgo weka pembeni. Kidonge cha kurudisha kumbukumbu kwa wagonjwa hawa bado hakuna. Iclepertin iliyotegemewa sana iligonga mwamba kwenye majaribio ya mwisho, 2025. Usahaulifu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, mara nyingi hutangulia hata sauti. Ila dawa nazo zinaweza kuuzidisha. Taja zote, na miligramu.

DadaMkubwa: Za kawaida tu za kliniki.

MzeeWaDozi: Za kawaida zina majina, dada.

DadaMkubwa: Sindano ya Modecate 25 kila mwezi, vidonge vya Artane 5 kutwa mara tatu. Sindano nimeisitisha, mwezi wa pili huu. Ilimfanya zezeta. Artane ndiyo inamchangamsha, siigusi. Na mbona hajachafukwa?

MzeeWaDozi: Umemfukuza mlinzi, mwizi umemwachia funguo. Artane inazuia asetilikolini, kemikali ya ubongo, na bila hiyo ubongo haushiki jambo jipya. Inatolewa kutuliza mtetemeko na kukakamaa kunakoletwa na sindano. Miligramu 15 kila siku kwa miaka ni mzigo, na ukiongeza dawa nyingine zinazoizuia, kama Phenergan au amitriptyline, ndiyo basi. Modecate iko kwenye mafuta, inatoka msulini taratibu, kwa hiyo ugonjwa unaweza kurudi miezi kadhaa baadaye. Usimkatishe Artane ghafla pia: atatoka jasho, atatapika, atakosa usingizi. Daktari aipunguze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akitazama shingo, mikono na mwendo.

MbuziKagoma: Hii chai. Artane "inachangamsha"? Vijana wanazimeza mtaani kutafuta stimu. Huyu anatafuta zinapouzwa.

DadaMkubwa: Chai gani? Dogo ndiye anayeziomba. Akiamka, hizo kwanza.

MzeeWaDozi: Basi hilo la kuziomba mwambieni daktari, chai au si chai. Apime na tezi ya shingo, kaswende na vitamini B12.

MamaKarakana: Dozi ikishughulikiwa, kumbukumbu ina mazoezi yake. Mara mbili au tatu kwa wiki, saa moja hivi, kwa miezi, na mtu wa kumwongoza. Gemu za simu peke yake zitamfanya bingwa wa gemu. Mpe agizo moja, alirudie kwa maneno yake. Vitu vitatu? Aandike mwenyewe, na dukani asome karatasi kabla ya kulipa na kabla ya kuondoka. Dawa zikae pembeni ya kikombe chake cha chai, alamu saa moja asubuhi. Na msimkaripie akisahau: akiogopa anaacha kujaribu.

DadaMkubwa: Kliniki ni Alhamisi, nitampeleka. Ila ginkgo nilishanunua, makopo mawili.