Je, aliyemshtaki mwanafunzi aketi pia kumhukumu?

Mtoa mada, Langoni, Lamu

Nimeungoja moyo upoe ndipo niulete mjadala huu, kwa kuwa jambo lenyewe limenigusa nyumbani. Mpwa wangu, ambaye anasoma katika chuo kimoja nisichotaka kukitaja, alipigiwa simu saa mbili usiku akiwa kwao Kizingitini, akaambiwa afike mbele ya kamati ya nidhamu kesho yake asubuhi. Asiyezijua safari zetu aelewe kwamba Kizingitini hutoki kwa kuvaa viatu tu. Unangoja boti, na boti nayo hungoja maji yajae. Alipofika kikao kilikuwa kimekwisha kuanza, na humo ndani ndimo aliposomewa kwa mara ya kwanza kwamba anatuhumiwa kushiriki katika kuvunja madirisha ya bweni. Mlezi wa bweni, ambaye ndiye aliyeandika mashtaka, alikuwa ameketi mezani kama mjumbe wa kamati. Wiki iliyofuata ilikuja barua ya mistari mitatu inayomsimamisha masomo mwaka mzima, bila kueleza ni ushahidi gani uliomtia hatiani.

Sisemi kwamba hakuvunja, kwani sikuwepo. Ninalosema ni kwamba hata aliyevunja kweli ana haki ya kujua mashtaka yake mapema, na ya kutohukumiwa na yule yule aliyemshtaki, maana hiyo ndiyo kesi ya nyani iliyopelekwa kwa ngedere. Wala si ombi la huruma. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu katika maamuzi ya kiutawala, na ya kuandikiwa sababu pale uamuzi unapomdhuru. Sheria iliyotungwa mwaka 2015 kukitekeleza kifungu hicho inataka mhusika apewe taarifa ya kutosha, aone ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, asikilizwe, na aweze kuwahoji wanaotoa ushahidi huo. Nayo haivihusu vyuo vya umma peke yake, bali pia asasi za binafsi ambazo uamuzi wake unagusa haki za mtu. Basi nauliza: kwa nini vyuo vyetu vinaendesha vikao kana kwamba sheria hiyo haijaandikwa?

Mkufunzi mstaafu, Malindi

Mwanangu, nimeketi katika kamati hizo kwa miaka mingi, na uliyoyaeleza ni aibu ambayo sitaitetea. Hata hivyo umelipitia mbio neno moja ambalo ndilo gumu kuliko yote, nalo ni hilo la kuwahoji mashahidi. Madirisha hayaogopi kuhojiwa. Sasa mfikirie binti aliyelalamika kwamba mwanafunzi mwenzake humvizia na kumshika, kisha aambiwe kuwa kijana huyo atasimama mbele yake na kumuuliza maswali mwenyewe. Nilimshuhudia mmoja akiondoa malalamiko yake siku ile ile alipoelezwa hivyo. Na huko kwenu Lamu, ambako vichochoro vingine punda na mtu hupishana kwa taabu, walalamikaji na walalamikiwa hukutana kila siku, na jamaa zao huswali msikiti mmoja. Shinikizo la kuyamaliza mambo kifamilia huanza kabla kamati haijapanga tarehe.

Wapo watakaosema kwamba kesi kama hiyo ni ya polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, wala si ya chuo. Ni kweli, na chuo kinachomzuia binti kwenda polisi kinatenda dhuluma. Lakini kesi ya jinai huchukua miaka, na kesho asubuhi wawili hao wana kipindi darasa moja. Kamati haina uwezo wa kumlazimisha shahidi aje, haina mpelelezi, na wajumbe wake wengi ni walimu wa hesabu na ushonaji. Ukiibebesha taratibu zote za mahakama, nachelea itaacha kabisa kupokea malalamiko.

Mzazi, Shela

Mnazungumzia kikao, ilhali mimi naona tatizo liko katika rufaa. Katika chuo cha binti yangu rufaa hupelekwa kwa mkuu wa chuo, ambaye ndiye aliyeiteua kamati. Sheria hiyo hiyo ya 2015 inataka ngazi za ndani zimalizwe kwanza kabla ya kwenda mahakamani, isipokuwa kwa sababu za kipekee, kwa hiyo mkuu akikaa na barua yako miezi mitatu, umekwama. Ukiisha kuachiliwa, uvuke hadi Mokowe, upande basi kwenda Garsen au Malindi kuitafuta Mahakama Kuu, na umlipe wakili. Mtoto atashinda kesi wenzake wakiwa wamekwisha kuhitimu.

Mtoa mada

Mwalimu, nakubali kwamba nililipitia mbio. Lakini kuhoji si lazima kuwe kukabiliana macho kwa macho. Marekani, kanuni za mwaka 2020 kuhusu malalamiko ya udhalilishaji wa kijinsia zilivitaka vyuo vikuu viruhusu maswali, ila yaulizwe na mshauri wa kila upande, kamwe si na mtuhumiwa mwenyewe, na upande wowote ukiomba, wakae vyumba mbalimbali. Kanuni za 2024 zilizolegeza sharti hilo zilifutwa na mahakama ya Kentucky Januari 2025, na ubishi bado haujaisha huko. Kwa hiyo sidai kwamba wamepata dawa. Sisi tunaweza kuanza na maswali ya maandishi yanayopitia kwa mwenyekiti. Kuhusu wawili walio darasa moja, chuo kimtenganishe mtuhumiwa kwa muda na kiseme wazi kwamba hiyo ni tahadhari, haijawa adhabu.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kusikiliza pande mbili ni mzigo wa mahakama. Mtume alipomtuma Ali Yemen kuwa kadhi, alimwagiza asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza, na Ali wakati huo alikuwa kijana asiye na uzoefu wa kuhukumu, kama hao walimu wako wa ushonaji. Taarifa ya siku saba, nakala ya ushahidi, mjumbe aliyeshtaki kutoka nje ya chumba, na barua yenye sababu: hayo hayahitaji mpelelezi wala bajeti.

Mkufunzi mstaafu, Malindi

Kuhusu mlezi wa bweni kutoka nje, hatuna ubishi, na siku saba kwa mtu wa visiwani naziona chache. Maswali ya maandishi nayaunga mkono kwa shaka moja: mwenyekiti atakayeamua swali lipi liulizwe na lipi litupwe ni mwajiriwa wa chuo, na jina la chuo ndilo la kwanza analolilinda. Ningependa awe mtu wa nje. Ila sijapata bado chuo kilichokubali kumlipa nauli.