Tupeane uzoefu: familia ya mzee Ibrahim, wewe ulisimuliwaje?

#1
Habari wakuu. Huu uzi sio wa dini yangu dini yako, hayo tushachoka nayo. Nataka kila mtu aeleze alivyosimuliwa hii familia akiwa mdogo, halafu siku moja akakuta mwenzake kasimuliwa vingine kabisa.

Naanza mimi. Baba Mkristo, mama Muislamu, Biblia na Msahafu vilikaa shelfu moja. Nikiwa na miaka kama tisa shangazi yangu, dada yake baba, alikuja siku ya Idi, mama mkubwa akawa anatusimulia watoto kisa cha kuchinja, akasema "Ismail", mimi kwa kiherehere nikadakia "Isaka!" Sebule nzima kimya, shangazi anatabasamu kama timu yake imefunga dakika ya tisini. Basi wale wawili kuanzia siku hiyo wakikutana lazima iibuke.

Nimekuja kusoma ukubwani ndo nakuta Mwanzo 22 inamtaja Isaka waziwazi, ila Sura ya 37 kwenye Qur'ani mtoto wa kuchinjwa hajatajwa jina. Wengi wanasema ni Ismail kwa sababu kisa kikishaisha ndo inakuja bishara ya Is-haka, aya ya 112. Kwa wafasiri wa zamani wa Qur'ani, At-Tabari aliandika kauli za pande zote mbili na mwenyewe akaegemea kwa Is-haka, Ibn Kathir akakomaa na Ismail. Kumbe mama mkubwa na shangazi wanarudia ligi ya zamani sana.

Lakini kilichonikaa mimi sio jina. Kwenye Mwanzo mtoto anabeba kuni anauliza mwanakondoo yuko wapi, baba anamjibu kwa kuzunguka. Kwenye Qur'ani baba anamwambia ndoto yote halafu anamuuliza, wewe unaonaje? Na dogo anajibu fanya ulivyoamrishwa. Nina mtoto wa kiume sasa hivi, hizo sehemu mbili siwezi kuzisoma bila kumwangalia.

#2
Mkuu umenigusa pabaya. Mimi ni mtoto wa nje ya ndoa, niseme tu. Kwenye mafundisho ya watoto tulifundishwa Wagalatia 4, mwana wa mjakazi na mwana wa mwanamke huru, mfukuze mjakazi na mwanawe, na mwalimu aliposema hivyo wenzangu waliojua habari za kwetu waligeuka wakaniangalia. Paulo mwenyewe anasema hapo anatumia mfano, anazungumzia maagano mawili, ila mtoto wa miaka kumi mfano anaujulia wapi? Nikamchukia Hajiri, nikajichukia na mimi.

Miaka ikapita, kazini kuna dada karudi kutoka hija ananielezea ile saayi, mnakwenda kati ya Safa na Marwa mara saba, nikamuuliza mnamkumbuka nani, akasema Hajar alivyokuwa anamtafutia mwanae maji. Nilinyamaza aisee. Mwanamke niliyefundishwa kwamba alifukuzwa, kumbe kuna mamilioni ya watu, wanaume kwa wanawake, wanafuata nyayo zake.

Nikarudi kwenye Biblia yangu kwa hasira nikidhani hamna kitu, nikakuta Mwanzo 16:13, huyo huyo mjakazi Mmisri anampa Mungu jina, Mungu aonaye. Ilikuwepo siku zote, ila sisi haikusomwa.

#3
Nyongeza fupi kwa #2, jina la Hajar halimo kwenye Qur'ani, limo kwenye hadithi. Na Sara pia hajatajwa jina, ni "mkewe" tu, kasimama anacheka, ndo anapewa bishara. Mimi nilibishana na mume wangu wiki nzima kuhusu hilo, nikashindwa.

#4
Mimi Muislamu, chuoni nje ya nchi nilikaa chumba kimoja na Myahudi. Siku namwelezea Nabii Ibrahim alivyovunja masanamu akaliacha lile kubwa, jamaa akanimalizia kisa! Nikamwambia hicho cha kwetu bana, kipo Sura ya 21. Akasema wao wamesimuliwa tangu utotoni, kipo kwenye midrash, yaani masimulizi ya marabi wao ya kufafanua maandiko, baba mtu ana duka la masanamu na kijana ndo kaachiwa dukani. Tukafungua Mwanzo kukitafuta, hakipo. Baba mwenyewe kwao Tera, kwetu Azar.

Akaniambia pia mwaka mpya wao, Rosh Hashana, siku ya kwanza sinagogi wanasoma Mwanzo 21, Hajiri na mwanae jangwani, siku ya pili ndo kile cha kuchinja. Hiyo sikuitegemea hata kidogo. Halafu kuna maelezo ya Rashi, mfafanuzi wao wa maandiko wa zamani, nayapenda mpaka leo: Mungu anasema mchukue mwanao, Ibrahimu anajibu ninao wawili, wa pekee, kila mmoja ni wa pekee kwa mama yake, umpendaye, nawapenda wote, ndo anaambiwa Isaka. Yaani hata wanaosema ni Isaka wanakubali mzee alimpenda na yule mwingine.

#5
Mimi mtu wa hesabu. Ibrahimu ana miaka 86 Ishmaeli anazaliwa, 100 Isaka anazaliwa, na Hajiri na mwanae wanafukuzwa baada ya Isaka kuachishwa ziwa. Huyo Ishmaeli ni kijana mwenye ndevu zinaanza, sasa anawekwaje chini ya kichaka kama kachanga? Niliuliza nikaambiwa nina roho ya ubishi. Kwenye hadithi ya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, iliyoko kwenye mkusanyo wa Bukhari, mtoto bado ananyonya, hesabu inakaa. Na pale Hajar anamuuliza mumewe, Mungu ndo kakuamuru? Akisema ndiyo, anajibu basi hatatuacha. Kwenye Mwanzo anapewa mkate na kiriba cha maji anaondoka, hasemi kitu.

#6
Naona Sara mnampiga mawe tu. Mimi nimekaa kwenye ndoa miaka kumi na moja bila mtoto, kwa hiyo niacheni niseme. Huyu mama alichukuliwa na Farao mume akisema ni dada yangu, ikarudiwa tena kwa Abimeleki, akamtoa mjakazi wake mwenyewe ili mume apate mtoto, mjakazi akishika mimba anamdharau. Niliposoma hiyo ya kudharauliwa nililia, sio kwamba nahalalisha alichomfanyia Hajiri baadae, alimtesa na imeandikwa alimtesa. Ila najua hiyo hasira inatoka wapi.

Waebrania 11 inamweka kwenye watu wa imani na ule mwenendo haitaji. Ila angalieni mpangilio: Mwanzo 22 mlimani, sura ya 23 inaanza Sara kafa, miaka 127. Kuna mapokeo ya Kiyahudi yanasema alikufa baada ya kupata habari za kilichotokea mlimani. Kwenye andiko lenyewe hakuna hata mstari unaosema mama aliagwa asubuhi ile.

#7
#6 Mungu akufute machozi dada. Nilikuwa napita tu kimya kimya ila hiyo ya kuagwa imenishika.

#1
Mimi tena mleta uzi. Nimesoma yote, #5 umenichekesha. Jana nikamtumia mama mkubwa na shangazi kwa pamoja Mwanzo 25:9, Ibrahimu kafa na miaka 175, wanaomzika ni Isaka na Ishmaeli, wote wawili, kwenye pango la Makpela alilonunua kwa shekeli 400 ili amzike Sara. Shangazi kajibu "nilikuwa najua". Mama mkubwa katuma voice note ya dakika saba, bado sijapata ujasiri wa kuifungua.