Juni imeingia Minnesota, nataka bustani ya mboga na maua nyuma ya nyumba, nianzie wapi?

Mkazi_wa_Kaskazini

Habari za muda huu wakuu, shikamooni mnaostahili. Niende moja kwa moja kwenye mada. Niko Minnesota, vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, baridi ndo imetuachia na sasa jua linakaa mpaka saa tatu usiku. Tumehamia nyumba ya kupanga yenye eneo zuri tu nyuma, mwenye nyumba ni mzee mstaarabu kasema limeni ila msinimalizie nyasi zote. Mke wangu anataka maua, mimi nataka mboga, na mama anakuja mwishoni mwa mwezi wa saba kukaa na wajukuu, sasa mama yangu bila mchicha na matembele anakuwa hajala. Matembele yapo kwenye maduka ya Waafrika na Waasia ila bei imechangamka na mara nyingi unakuta yameshanyauka.

Hali ya eneo iko hivi. Upande wenye jua la kutosha, asubuhi mpaka jioni, ndo umepakana na gereji ya mbao ya zamani sana, rangi yake inabanduka inadondoka chini vipande vipande. Upande wa pili kuna mti mkubwa wa maple, kivuli kutwa. Udongo ni mweusi, ukilowa unanata kwenye kiatu, ukikauka unapasuka. Sungura wanajipitia wanavyotaka.

Ninachoomba kujua: nimechelewa au bado? Maana kazini wenzangu walianza kuotesha miche ndani tangu mwezi wa tatu. Nichimbe chini au nitengeneze boksi la mbao? Mbegu za kwetu nimwambie mama abebe? Na maua gani yatawahi kutoa kabla mama hajaondoka mwezi wa tisa? Napiga shifti za usiku, kwahiyo muda wangu ni asubuhi nikitoka kazini na wikiendi. Nawasilisha.

Mama_wa_Matuta

Karibu sana mwanangu na hongera kwa wazo. Hujachelewa hata kidogo, na usikubali mtu akutishe. Hao walioanza mwezi wa tatu walikuwa wanaotesha nyanya, pilipili na bilinganya, vitu vinavyotaka muda mrefu, hizo wewe utanunua miche tayari imeshakuwa, imejaa kila mahali saa hizi. Mboga zetu sisi ni za joto. Mchicha, bamia, kunde, majani ya maboga, zote hizo ukizipanda mwezi wa tano udongo ukiwa bado wa baridi zinaozea chini au zinadumaa tu, bamia ndo kabisa inataka udongo ufike kama digrii 65 za Fahrenheit au zaidi. Wiki hii ya kwanza ya Juni ndo wakati wake. Frosti, ile baridi ya kugandisha inayoua mimea, kwenu inarudi kama mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, una karibu miezi minne.

Mchicha usiuchimbie shimo, mbegu zake ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu kwenye bakuli ndo unyunyize kwenye tuta, halafu pitisha reki kwa juu kidogo tu na umwagilie kwa keni yenye matundu madogo zisisombwe na maji. Zikiota zitabanana, sasa hapo wengi wanaona huruma kung'oa, wewe ng'oa, ile miche midogo unayopunguza ndo mboga yako ya kwanza, tamu na laini. Inayobaki ikifika urefu wa goti kata juu uache shina na majani machache, itachipua pembeni utakata tena na tena. Ukipanda sasa, mama akifika anakuta mchicha umeshakatwa mara ya kwanza na unachipua. Halafu kila baada ya wiki mbili nyunyiza kipande kingine kidogo, usimalize mbegu siku moja.

Mwalimu_Kisii

Kaka, kabla ya mengine yote, hapo kwa gereji usipande kitu cha kula mpaka ujue hiyo mchanga, yaani udongo, ina nini. Hapa Marekani rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku 1978, kwa hivyo gereji ya mbao ya zamani yenye rangi inabanduka, chukulia iko nayo mpaka ipimwe. Hivyo vipande vikianguka vinasagika vinakuwa vumbi, na hiyo risasi haiozi wala haiendi popote, inakaa hapo juu juu miaka na miaka. Mboga za majani ndizo mbaya zaidi kwa sababu vumbi linashika kwa majani, na mizizi kama karoti inatoka na mchanga wenyewe. Na uko na watoto wadogo, hawa ndio risasi inawaumiza zaidi, inaingia kwa ubongo unaokua.

Chuo Kikuu cha Minnesota wako na maabara ya kupima mchanga, unachota kidogo kidogo sehemu kadhaa, unachanganya, unatuma kwa posta. Lakini lazima uchague kipimo cha risasi mwenyewe, ukichukua kile cha kawaida watakuambia tu mambo ya mbolea na tindikali. Ukingoja majibu, weka boksi mbali na hiyo ukuta. Na please usianze kukwangua hiyo rangi ndio pakae safi, utakuwa umeisambaza uwanja wote. Ambia mwenye nyumba, hiyo ni kazi yake.

Mkazi_wa_Kaskazini

Mwalimu umenifungua macho, maana wa mwisho ana miaka miwili na anaokota kila kitu anatia mdomoni. Leo hii nimeziba ile sehemu asifike. Nikipima kutoka ukuta wa gereji kwenda mbele bado jua lipo mpaka kama futi 15 hivi, baada ya hapo kivuli cha maple kinaanza. Boksi litatosha hapo. Sasa udongo wa kujaza ni kiasi gani? Nisije nikaambiwa mifuko mia.

Fundi_Boksi

Mkuu boksi la futi 4 kwa 8 linatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza, upana usizidi futi 4 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo, ukikanyaga unashindilia na mizizi inapata shida. Kina weka inchi 10. Hesabu yake ni kama futi za ujazo 27, ambayo ni yadi 1 ya ujazo. Ukinunua mifuko ile ya futi 1 ni mifuko 27, ile ya futi moja na nusu ni 18. Mimi ningekushauri piga simu kwa wauza udongo wakuletee yadi moja iliyochanganywa na mboji, mara nyingi inatoka nafuu kuliko mifuko hata ukiweka na gharama ya kuleta. Mbao za mwerezi zinadumu, za msonobari wa kawaida ni rahisi ila zitaoza baada ya miaka michache, kwa nyumba ya kupanga inatosha. Usiokote mbao za zamani zenye rangi, utarudi kule kule kwa Mwalimu.

Chini kwenye nyasi tandaza makaratasi ya boksi yaliyotolewa gundi na plastiki, nyasi zitakufa zenyewe. Kwakuwa unahofia risasi, juu ya makaratasi weka kile kitambaa kizito cha bustani kinachopitisha maji, mizizi isishuke kwenye udongo wa zamani. Na kama kuna nguzo yoyote unataka kuichimbia, piga 811 kwanza, ni bure, wanakuja kuchora wapi waya na bomba za gesi zimepita.

Bukavu_Iowa

Ndugu bonjour, mimi niko Iowa hapa chini yenu, sisi wa Congo tunalima sana. Kwa matembele usitafute mbegu. Nenda kwa ile duka, chagua fungu lenye vijiti vigumu na vifundo, siyo lile limelainika, kula majani, vijiti ukate urefu wa mkono, toa majani ya chini, weka ndani ya glasi ya maji kwa dirisha. Baada ya siku chache utaona mizizi myeupe inatoka kwa vifundo kama nyuzi. Hapo panda, lalisha kijiti ndani ya udongo vifundo viwili vitatu viwe chini, mwagilia kila siku wiki ya kwanza. Julai ikipata joto inatambaa mpaka unaizuia. Viazi vyenyewe sikuahidi, hiyo joto yenu iko fupi, lakini majani utachuma hadi frosti.

Lenga-lenga, ndiyo mchicha wenu, mbegu ziko hapa hapa, maduka ya mbegu za Waasia na za watu wa Caribbean wanauza, pakiti inaandikwa amaranth ao callaloo. Sombe, ile kisamvu, usijisumbue nayo, inataka joto mwaka mzima. Na mbaazi pia hapana, nyingi zake zinangoja siku ziwe fupi ndio zitoe maua, kwenu siku ikifupika baridi imeshafika.

Dada_Zinia

Jamani mbona mnamsahau shemeji na maua yake 😊 Mwambie asinunue ya bei mbaya, kwa mwezi huu achukue pakiti za mbegu za zinia, marigoldi, kosmosi na alizeti, zote anapanda moja kwa moja kwenye udongo, hazitaki kitalu. Zinia ndo malkia wa joto, akizipanda sasa mwanzoni mwa Agosti zinachanua na haziachi mpaka frosti. Siri yake moja, mmea ukifika kama inchi 10 hivi kata kile kichwa cha katikati juu tu ya majani mawili yanayotazamana. Inauma kukata ila pale pale chini ya kovu zinatoka tawi mbili, na kila tawi lina ua lake, usipokata inakwenda juu kama mlingoti na ua moja la kulala na upepo. Yakichanua aendelee kukata ya kuweka mezani, kadiri unavyokata ndo yanavyoongezeka.

Ayapange kwenye ukingo wa boksi upande wa kaskazini yasifunike mboga, alizeti nyuma kabisa. Na haya maua siyo urembo tu, yanaita nyuki, na maboga bila nyuki hayazai. Pale kwenye kivuli cha maple kuna maua yanaitwa impatiens, anunue miche tu, yanapenda kivuli. Hata pale karibu na gereji anaweza akaweka maua kwenye vyungu vyenye udongo mpya, hayaliwi.

Kijana_Mkulima

Naongezea kwa dada, marigoldi azungushie boksi lote, inafukuza wadudu wote na sungura pia hawasogei.

Mama_wa_Matuta

Sungura wa hapa wanaila marigoldi hiyo hiyo mwanangu. Harufu yake inasaidia kwa baadhi ya wadudu, lakini akitegemea ua limlindie mchicha atakuta vijiti. Sungura dawa yake ni waya wa kuku, futi 2 kwenda juu, na chini aukunje inchi chache ulale kwenye udongo wasipenye. Auweke siku ile ile anayopanda, asisubiri waonje kwanza.

Bandari_Salama

Kuhusu mama kubeba mbegu, tafadhali mwambie asibebe. Mbegu za kupanda zinataka cheti cha afya ya mimea kutoka Tanzania, bila hivyo uwanja wa ndege wanazichukua, na asipozitaja anaweza kupigwa faini. Mzee wa watu katoka safari ndefu halafu akutane na mahojiano kwa ajili ya pakiti ya mchicha, haifai. Nunueni huko huko.

Mkazi_wa_Kaskazini

Nimewaelewa wote, Mungu awabariki. Mbegu namwambia leo leo aache. Mpango wangu: boksi moja futi 4 kwa 8, nusu mchicha, robo matembele, robo bamia na miche miwili ya nyanya, maua ukingoni, waya wa kuku kuzunguka. Sukuma niiweke wapi? Na kumwagilia kwa mtu wa shifti ya usiku inakuwaje?

Mwalimu_Kisii

Sukuma ngoja. Hiyo inapenda baridi, panda mbegu mwezi wa saba pale utakuwa umetoa mchicha wa kwanza, utaila vuli yote na ikipigwa na frosti inakuwa tamu zaidi. Ukiona vipepeo vyeupe vinazunguka, geuza majani uangalie chini, viwavi ni kijani sawa na jani kabisa.

Fundi_Boksi

Nyanya mbili robo moja na bamia zitabanana mkuu, weka moja, ya pili itie kwenye ndoo ya galoni 5 uliyotoboa chini. Mche wa nyanya fukia shina mpaka karibu na majani ya juu, lile shina lote litatoa mizizi.

Mama_wa_Matuta

Shifti yako imekaa vizuri, asubuhi ndo muda wenyewe wa kumwagilia. Mimina chini kwenye mzizi, siyo juu ya majani, yakilala na maji magonjwa yanaingia. Mbegu zikiwa hazijaota usiache juu pakauke hata siku moja, zikishashika mizizi kama inchi moja ya maji kwa wiki pamoja na mvua inatosha, ingiza kidole, ukikuta pakavu mpaka kifundo cha pili ndo umwagilie. Nyanya ukiinyima maji halafu ukaifurikisha itaoza kitako. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo zitunze unyevu, ila muulize kwanza mwenye nyumba kama zile nyasi zake zimepigwa dawa ya magugu mwaka huu, kama zimepigwa usizitumie, nunua majani makavu ya ngano.