Udiwani: tuachiane kata na vyama vingine au kila chama kisimamishe wake?

Mpiga Hodi
Wakuu, heshima kwenu. Kamati ya wilaya ya chama chetu inakaa wiki ijayo. Vyama vitatu vidogo tunafikiria kuungana dhidi ya CCM kwenye udiwani. Mezani kuna mapendekezo mawili: kusimamisha mgombea mmoja wa pamoja kila kata, au kuachiana kata chache zenye ushindani na kwingine kila mtu apambane kivyake. Lipi bora?

Karani wa Kata
Mkuu, hujatupa hesabu. Kata ngapi? Kila chama kilipata kura ngapi kwenye kila kata mara iliyopita? Ni uchaguzi mkuu au mdogo? Na mgombea atasimama kwa nembo ya nani? Bila hayo tunapiga ramli.

Mpiga Hodi
Uchaguzi mkuu, kata 14. Katika kata 5 kura zetu zikijumlishwa zinaizidi CCM, 6 hazigusiki, 3 hazitabiriki. Nembo bado hatujaizungumza.

Nguzo Tatu
Anzeni na nembo. Mgombea binafsi haruhusiwi Tanzania, kwa hiyo lazima adhaminiwe na chama na awe mwanachama wake. Mkimwazima mtu wa chama B agombee kwa chama A, akipokea kadi ya A ameiacha ya B. Akishinda kisha A wakamvua uanachama, udiwani nao umekwenda. Msiazimane watu, achianeni kata.

Kura Moja
Mimi napinga kuachiana kata nyingi. Madiwani wa viti maalum wanagawanywa kwa kufuata kata ambazo chama kimeshinda, kwa hiyo chama kisichokuwa na kata hata moja hakipati mwanamke hata mmoja kwenye baraza. Kwenye ubunge ndiyo kabisa: chini ya asilimia 5 ya kura halali za wabunge nchi nzima, viti maalum vya Bunge usahau. Na ruzuku inafuata kura na viti. Chama kinachoachia wenzake kila mahali kinajimaliza chenyewe.

Karani wa Kata
Hoja ya asilimia 5 ni ya ubunge, mwenzetu kauliza udiwani. Anaweza kusimamisha mbunge akaachia kata.

Kura Moja
Anaweza, lakini mwanachama aliyeambiwa ampe diwani wa chama kingine hatakumbuka kurudi kwenye nembo yake karatasi ya pili. Kampeni inafanyika kwa rangi moja.

Mzee wa Fomu
Kabla hamjaenda mbali, someni jimbo la Segerea, Dar es Salaam, 2015. UKAWA, muungano wa upinzani, ilikuwa ya vyama vinne: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Majimbo mengi yaligawanywa, machache yakabaki bila mwafaka. Segerea CUF ikasimamisha wake, CHADEMA ikasimamisha wake, wote wakiwa nyuma ya mgombea urais mmoja. Mpiga kura wa UKAWA akaingia kituoni akakuta watu wake wawili kwenye karatasi moja. CCM ikachukua jimbo, na kura za wale wawili zikijumlishwa zinampita mshindi. Watu walikuwapo. Kilichokosekana ni tarehe ya mwisho ya kukubaliana iliyotangulia ile ya kurudisha fomu. Muda wa kujitoa ukishapita, jina linachapwa, na hata ukimnadi mwenzako jukwaani kura zitaendelea kudondokea kwako.

Kwa hiyo mkataba uandikwe kata kwa kata: kata ya nani, nembo gani, nani anagharamia mawakala. Kisha katibu mwenye mamlaka ya kudhamini fomu asisaini fomu yoyote ya kata iliyoachwa. Saini hiyo ndiyo kufuli yenu. Ikitoka moja kwa huruma, mkataba umekufa.

Mtaa wa Pili
Naongeza mawakala. Chama kisicho na mgombea udiwani katika kata hiyo hakina wakala wa udiwani kituoni. Vijana wenu wakitaka kulinda kura za mwenzenu, lazima wateuliwe na chama chake, majina yapelekwe kwa wakati na waapishwe. Ukiwapeleka asubuhi ya kura watabaki nje ya mlango.

Nguzo Tatu
Kuna hatari nyingine. Mkibaki na mgombea mmoja, akikosea fomu au akiwekewa pingamizi likapita, CCM inapita bila kupingwa. 2020 wagombea ubunge zaidi ya 20 wa CCM walipita hivyo.

Mzee wa Fomu
Hiyo imebadilika. Sheria ya 2024 imefuta kupita bila kupingwa, anayebaki peke yake anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ila mgombea wenu akienguliwa ameenguliwa. Fomu isomwe na watu wawili kabla ya kurudishwa.

Kura Moja
Narudi kwenye kujumlisha kura. India, uchaguzi wa bunge la taifa 2019 katika Uttar Pradesh, vyama vitatu viliungana dhidi ya chama tawala BJP: BSP walichukua majimbo 38, SP 37, RLD 3 kati ya 80. Wakaambulia 15, BJP peke yake 62. Kura hazihami kwa amri ya viongozi.

Karani wa Kata
Na Bihar, India hukohuko, 2015? Vyama vitatu viligawana viti vyote vya bunge lao: JD(U) 101, RJD 101, Congress 41, wakashinda 178 kati ya 243.

Kura Moja
Bihar walikuwa na Nitish Kumar wa JD(U), kila mtu alijua nani atakuwa kiongozi wa serikali ya Bihar. Kwenye kata nani anajua?

Mtaa wa Pili
UKAWA nao 2015 walikuwa na Lowassa kama mgombea urais na wakaishia asilimia 39.97. Jina kubwa peke yake halitoshi.

Nguzo Tatu
Lowassa ni mada ya uzi mwingine, tusihame. Kuna njia ya tatu hamjaitaja: kuungana baada ya matokeo. Machi 2016 madiwani wa UKAWA walipiga kura pamoja, Isaya Mwita wa CHADEMA akawa Meya wa Jiji la Dar es Salaam. Hapo hakuna mgombea anayejitoa, ila mnahitaji wingi barazani.

Karani wa Kata
Ndiyo maana nauliza tena, Mpiga Hodi: hizo kata 14 ni halmashauri nzima au jimbo moja tu ndani yake? Kata 5 kati ya 14 hazikupi mwenyekiti. Kama halmashauri ina majimbo mawili, majirani zenu wa jimbo la pili wameshirikishwa?

Mpiga Hodi
Ni jimbo moja kati ya mawili. Hao wa pili hatujaongea nao.