Baba ana ugonjwa sugu wa mapafu, sasa eko inaonyesha "presha ya mapafu". Ushauri wakuu

Kifungua_Mimba:
Wakuu habari. Mzee wangu ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, alivuta sana sigara enzi zake. Pampu anatumia bila kukosa, lakini siku hizi kuvaa shati tu anahema, na jioni miguu inavimba. Kapigwa eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti), tukaambiwa upande wa kulia umetanuka na ana presha ya mapafu. Presha ya mkononi iko sawa kabisa, hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Jamaa yangu anasema nimtafutie sildenafili, eti ndiyo dawa yake. Nimnunulie?

Sauti_ya_Mnazi:
Sildenafili si ile ya mambo ya chumbani? 😂 Mzee atakushangaa. Pole lakini mkuu.

Nesi_Mstaafu:
Ndiyo hiyohiyo, na kweli hutibu presha ya mapafu. Ila presha hizo ziko za aina nyingi. Kuna ile ambayo mishipa ya mapafu yenyewe ndiyo imeugua, hapo dawa hii ina kazi yake. Ya mzee inaelekea imeletwa na pafu.

Damu yote inayotoka upande wa kulia wa moyo hupita mapafuni kwanza. Sehemu ya pafu ikikosa oksijeni, mishipa yake hujibana ili damu iende penye hewa. Pakiharibika kipande kimoja, huo ni msaada. Likichakaa pafu zima, mishipa inajibana kila mahali, na mingine imeshapotea pamoja na vifuko vya hewa. Upande wa kulia una ukuta mwembamba, haukuumbwa kusukuma kwa nguvu hivyo, basi unatanuka na maji yanajaa miguuni. Kipimo cha mkononi hupima mzunguko mwingine, hakiwezi kuliona hilo.

Sasa ukimpa dawa ya kutanua mishipa, inaweza kufungua hata ile ya sehemu zisizo na hewa. Damu inapita huko na kurudi bila oksijeni. Kama anatumia pia dawa za nitreti za maumivu ya kifua, presha ya mwili inaweza kuporomoka vibaya sana. Usinunue.

Bin_Rajabu:
Nesi, usiwakatishe watu tamaa. Marekani mwaka 2021 waliidhinisha treprostinili, dawa ya kutanua mishipa, ya kuvuta, kwa presha inayotokana na mapafu.

Nesi_Mstaafu:
Kwa wenye makovu ya mapafu, Bin Rajabu. Mzee huyu ana njia za hewa zilizoziba. Na hata kwenye makovu si kila dawa ya kutanua mishipa inafaa: jaribio la riosiguati, mojawapo ya dawa hizo, lilisimamishwa mapema mwaka 2016 kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanazidiwa na kufa zaidi.

Mama_Pacha:
Mume wangu alipitia haya. Kilichomsaidia ni oksijeni ya nyumbani na kidonge cha kukojoza. Mwanzoni alikuwa anajiwekea nusu saa akichoka, kumbe ni kama hajaweka kitu.

Nesi_Mstaafu:
Sahihi kabisa Mama Pacha. Majaribio ya mwaka 1980 na 1981 ndiyo yaliyoonyesha kwamba oksijeni ya muda mrefu huongeza maisha kwa wenye ugonjwa huu ambao oksijeni yao iko chini sana. Ni angalau saa 15 kwa siku, usiku ukiwemo. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma asilimia 88 au chini akiwa ametulia, daktari ampime damu ya ateri kuthibitisha. Msiongeze mkondo wa oksijeni wenyewe: baadhi ya wagonjwa hawa hulundika hewa chafu (kaboni dioksidi), wakaamka na kichwa kizito au wakasinzia mchana kutwa. Na moto na sigara vikae mbali na mashine.

Eko nayo ni makadirio. Kipimo cha uhakika ni katheta, mrija mwembamba unaopitishwa hadi moyoni. Wastani wa presha kwenye mishipa ya mapafu ukizidi milimita 20 za zebaki, ndiyo presha ya mapafu. Si kila mgonjwa anahitaji kufanyiwa. Ila muulize daktari kama ametafuta damu iliyoganda mapafuni, ugonjwa wa moyo upande wa kushoto, na kukatika pumzi usingizini. Hayo yana tiba zake.

Kifungua_Mimba:
Asanteni sana. Mzee anakoroma mno, na anasinzia hata akiongeleshwa. Nimempima kidoleni sasa hivi, amekaa tu: 84.

Nesi_Mstaafu:
Pasha vidole joto, kama kucha zina rangi ifute, kisha rudia. Ikibaki hapo usingoje miadi, mpeleke leo hii. Huko kusinzia akiongeleshwa ndiko kunakonitisha zaidi ya hiyo 84. Midomo ikigeuka rangi au akianza kuongea ovyo, ita gari la wagonjwa. Beba dawa zake zote, pampu pia, waone anavyoivuta.

Kifungua_Mimba:
Imerudia 84. Tunatoka sasa.