Ushauri: nimefuta posti za kiwanja kwenye grupu la mtaa, naambiwa nafungia watu midomo

Mzabibu: Wakuu, habari za jioni. Ni admini wa grupu la WhatsApp la wakazi huku Dodoma, tuko 1,400. Jana saa nne asubuhi nilifuta posti tatu za mzozo wa kiwanja kimoja kupewa watu wawili. Sasa natukanwa, eti udhibiti. Mimi naona ni usimamizi wa kawaida, kama ninavyofuta matangazo ya mikopo. Nani yuko sahihi? Usingizi sipati.

FundiKanuni: Pole mkuu. Kanuni uliyotumia ilibandikwa kabla ya posti? Aliyefutiwa kaambiwa kavunja ipi? Ana pa kukata rufaa zaidi ya kwako? Taarifa na rufaa zimo kwenye Kanuni za Santa Clara za 2018, walizoandikiwa wenye mitandao mikubwa, lakini hata grupu la mtaa linaziweza. Penye usimamizi, mtu akirekebisha lugha jambo lake linapita. Udhibiti unalenga jambo lenyewe: aliandike kwa adabu gani, halipiti.

Bi_Ubuyu: Watu wa viwanja nao wamezidi. Chukua barua ya toleo, risiti, namba ya kitalu na ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi. Grupuni hakuna anayetoa hati.

Nyikani: Mzabibu, posti zilikuwa na nini hasa? Na nani alikwambia ufute?

Mzabibu: Zilikuwa na picha ya risiti, jina na simu ya mnunuzi wa pili vinaonekana. Hiyo ni faragha ya mtu jamani.

Nyikani: Umejibu nusu.

Mzabibu: Haya. Afisa wa ofisi inayolalamikiwa kwenye posti hizo alinipigia. Hakunitisha, aliomba tu. Na ndiyo, nina zabuni ya vifaa pale kwao, mkataba unaisha Juni. Lakini ningefuta hata asingepiga.

FundiKanuni: Kumbe! Ndugu yangu, simu ya afisa si agizo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, chini ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, wala si amri ya mahakama. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inataka kizuizi kiwe kwenye sheria, kiwe na lengo halali na kiwe cha lazima. Simu yake imekwama kwenye sharti la kwanza. Ofisi ikikutumia kufuta malalamiko dhidi yake, huo ni udhibiti uliopita mkononi mwa admini.

Kizota: Naona chai hapa. Grupu la WhatsApp mwisho watu 1,024. Hao 1,400 kawaweka wapi?

Bi_Ubuyu: Kama ni chai uzi ufungwe. Tunapotezeana muda.

Mzabibu: La WhatsApp lilijaa, tukahamia Telegram. Jina la zamani limebaki midomoni tu. Posti zilikuwa Telegram.

Nyikani: Basi bado una muda. Kwenye mipangilio ya grupu kuna rekodi ya vitendo vya maadmini. Ujumbe uliofutwa unaonekana humo kwa saa 48 tu, kwa hiyo kesho saa nne asubuhi umekwisha. Nakili maneno yote leo. Kwenye risiti ziba jina na simu kwa mstatili mweusi mzito. Ile kalamu ya kupaka rangi, mtu akiongeza mwanga wa picha anasoma vizuri kabisa. Ukishaziba, piga skrinishoti, tuma hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda yule mnunuzi. Ofisi haiwezi kujifichia humo. Kisha andika grupuni kilichofutwa, sababu, na aliyeomba.

Mzabibu: Nitarudisha. Ila afisa simtaji, mkataba ule ndio ada ya watoto.

Nyikani: Jina lake si lazima. Andika "ofisi inayolalamikiwa iliomba", useme na hiyo zabuni, na posti zozote za ofisi hiyo aamue admini mwingine mpaka mkataba uishe.