Ezekieli 27: meli ya Tiro ilizamishwa na nini?

Kirumba_Mwaloni
Bwana Yesu asifiwe, watumishi. Jumamosi naongoza somo la Ezekieli 26–28, na wengi kikundini ni mafundi wa mitumbwi na wauza dagaa wa hapa Mwaloni. Sura ya 27 inaufananisha Tiro, mji wa bandari na biashara, na meli nzuri inayozama. Wameuliza: ile meli ilikuwa na kasoro gani hata ikazama? Na Tiro iliangushwa na Nebukadreza mfalme wa Babeli au na Aleksanda Mkuu wa Makedonia?

Fundi_Ukerewe
Amina, mtumishi. Kasoro haikuwepo, na ndiyo uchungu wa sura nzima. Soma 27:5–9 kama fundi anayekagua chombo: mbao za misonobari ya Seniri, mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, makasia ya mialoni ya Bashani, tanga la kitani cha Misri. Wapiga makasia wa Sidoni na Arvadi, na mafundi wa kalafati (kuziba nyufa za mbao) wa Gebali wamo humo humo safarini, maana mawimbi huchezesha maungio ya mbao.

Halafu ruka hadi 27:25–27. Imejazwa, imekuwa nzito, iko katikati ya bahari, na upepo wa mashariki unaivunja (upepo huo huo wa Zaburi 48:7). Mafundi wako wataelewa upesi. Mtumbwi ukipakiwa magunia hadi ubavu ukabaki kiganja kimoja juu ya maji, wimbi moja likiingia, maji hukimbilia upande ulioinama, shehena nayo inahamia huko, na hauinuki tena. Kalafati nzuri haisaidii hapo. Mstari wa 27 unamtaja fundi wake akizama pamoja na mabaharia.

Mama_Bwiru
Msisahau shehena yenyewe. 27:12–24 ni daftari la bandari: fedha, chuma, bati na risasi za Tarshishi, ngano na asali ya Yuda, divai ya Helboni. Mstari wa 13 usomwe taratibu: watu wanauzwa pamoja na vyombo vya shaba. Amosi 1:9 na Yoeli 3:6 wanaishtaki Tiro kwa hilo hilo. Biashara haikulaaniwa, kwani Isaya 23:18 faida yake inawekwa wakfu kwa Bwana. Kinachohukumiwa kimeandikwa 28:16 na 28:18, dhuluma na uchuuzi usio wa haki.

Msoma_Historia
Swali la pili: wote wawili, ila kila mmoja na sehemu yake. Tiro ilikuwa mji wa bara na ngome ya kisiwani, kama mita 800 kutoka pwani. Nebukadreza aliuzingira miaka 13, lakini kisiwa kililetewa chakula kwa meli, na 29:18 inasema wazi jeshi lake halikupata ujira. Wahubiri wengi huuruka mstari huo, wewe usiuruke. Angalia pia 26:7–11 inamtaja mmoja, “yeye”, kisha 26:12 inageuka kuwa “wao”, na mawe, miti na mavumbi vinatupwa majini.

Mwaka 332 KK Aleksanda alibomoa magofu ya bara akajaza mkondo kwa mawe na miti ili apate njia. Watiro wakapakia meli vitu vya kuwaka, wakaitia uzito tezi (nyuma) ili omo (mbele) ipande juu ya ile njia, wakaichoma minara ya Aleksanda iliyosimama hapo. Akaipanua njia, lakini bila meli asingeuweza mji. Alizipata kutoka Kipro, Sidoni, Arvadi na Gebali. Baada ya miezi 7 mji ukaanguka, na miji mitatu kati ya hiyo ndiyo iliyotoa wapiga makasia na mafundi wa kalafati katika 27:8–9.